Usafi wa biodizeli haupimwi kwa macho

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila ninapowaona wanafunzi katika maonyesho ya sayansi wakiinua chupa ya biodizeli waliyoitengeneza kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi. Kimiminika kinang'aa, kinawaka, na watazamaji wanapiga makofi. Hakuna aulizaye ni safi kwa kiasi gani.

Kuwaka si ushahidi. Mwaka wa 1900, katika maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga yasiyogeuzwa. Biodizeli ni kitu kingine: mafuta huchanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, zikapatikana esta na gliserini. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, chataka esta zisipungue asilimia 96.5, na methanoli isizidi asilimia 0.2. Mafuta yasiyogeuka huacha masizi ndani ya injini, na hasara humwangukia mwenye trekta.

Hapa ndipo miale ya infraredi inapofaa. Kila kifungo cha atomi hutikisika kwa namna yake na kufyonza miale yake. Kifungo cha kaboni na oksijeni kilichomo katika esta hufyonza karibu na 1745 kwa sentimita. Dizeli ya petroli haina kifungo hicho. Kwa hiyo ni rahisi kujua kwa dakika chache biodizeli iliyochanganywa nayo ni kiasi gani.

Lakini tahadhari! Mafuta ya kupikia nayo ni esta. Mwanafunzi anayeiona alama ya 1745 na kutangaza kuwa biodizeli yake ni safi anajidanganya. Hana budi kutazama pia alama ndogo iliyo karibu na 1436, itokanayo na methanoli iliyoungana na mafuta, kisha ailinganishe na sampuli ambazo usafi wake unajulikana. Mabaki madogo ya gliserini, hayo yaachiwe kromatografia ya gesi. Mashine bila vipimo vya kulinganishia ni bubu.

Naam, shule zetu nyingi za upili hazina mashine hiyo. Vyuo vikuu vilivyo nayo havina budi kuzifungulia milango ya maabara. Hadi hapo, mwalimu aweza kutia mililita 3 za biodizeli katika mililita 27 za methanoli, kwa uangalifu, kwani methanoli ni sumu na hushika moto upesi. Mafuta yakizama chini, kazi haijakamilika.

Nawasihi waamuzi wa mashindano wasitoe tuzo kwa mng'ao. Wadai tarakimu, na njia iliyotumiwa kuipata. Mwanafunzi aliyepata asilimia 80 na kueleza kwa nini amejifunza sayansi kuliko yule aliyeinua chupa tu.