MEZANI PA KARANI: Miezi Minane ya "Hakuna Jipya"



Juma hili nataka kueleza kosa langu mwenyewe. Ni kosa la miezi minane, nalo nililifanya nikiwa nimeketi kwenye kiti hiki hiki, mbele ya kompyuta ya ofisi ya parokia. Nalisema waziwazi kwa kuwa najua siko peke yangu. Siku hizi kompyuta zimepanda mlima. Kuanzia Matombo hadi Mgeta utazikuta katika shule za sekondari na katika zahanati, na vijana wetu warudipo kutoka vyuoni huja nazo mikobani. Baadhi ya hizo, hasa zile zilizochoka, zimewekewa mfumo wa Linux, maana ni wa bure wala haudai mashine yenye nguvu nyingi.

Yetu ni ya namna hiyo. Ni kompyuta ndogo ya kubeba, tulipewa ikiwa imekwisha tumika, na mfumo wake ni Ubuntu. Jina hilo lisiwatishe. Ni neno la Kizulu, nalo ni ndugu wa neno letu utu. Aliyeuanzisha mwaka 2004 ni Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, naye aliujenga juu ya mfumo mwingine uitwao Debian, ulioanza mwaka 1993.

Katika mfumo huu programu haziokotwi moja moja huku na huku. Hutoka katika ghala, nazo zimefungwa kama vifurushi. (Vifurushi hivi sivyo vile vya simu. Vya simu nitaviita bando, tusije tukachanganyikiwa.) Ndani ya kompyuta yumo mtunza ghala, jina lake apt. Hana picha wala vitufe vya kubonyeza. Unafungua dirisha la maandishi, unamwandikia amri, naye anakujibu kwa maandishi. Wenye kuogopa dirisha hilo ni wengi. Mimi nalipenda, maana linafanana na kazi ya karani: unauliza kwa maneno, unajibiwa kwa maneno na kwa hesabu.

Basi, kosa langu ni hili. Kompyuta hiyo ilikuwa na desturi ya kwenda ghalani yenyewe kila siku kutazama kama kuna programu zilizorekebishwa. Nikaona inanila bando. Nikaizima desturi hiyo, nikajisifu kwa ubanifu. Badala yake nikajiwekea kanuni: Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi napanda na kompyuta hadi kwenye mwinuko nyuma ya ofisi, mahali mtandao unapokamata, naiunganisha na simu yangu, naandika:

sudo apt upgrade

Maana yake, "Nipandishie programu zote zifikie toleo jipya." Nayo hunijibu: za kupandishwa, 0. Nami huandika katika daftari kwa kalamu nyekundu, "Kompyuta imekaguliwa. Hakuna jipya." Mistari minane namna hiyo, imenyooka vizuri. Ukiisoma utasema huyu ni karani kweli.

Mwezi wa Desemba akaja mpwa wangu anayesoma chuo mjini Morogoro. Akaliona daftari, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mjomba," aliniuliza, "kabla ya upgrade huwa unaandika update?" Nikamjibu kwamba sioni haja ya maneno mawili kwa kazi moja. Kwa sisi Waluguru mpwa si mtoto wa kufukuzwa anapouliza, maana kesho ndiye atakayesimama mahali pako. Basi nikamwachia kiti.

Akaandika "sudo apt update". Simu ikafanya kazi kwa dakika chache. Ndipo likaja jibu: vifurushi 243 vinaweza kupandishwa.

Mia mbili arobaini na tatu! Na daftari langu lasema hakuna jipya.

Nilipoelezwa sababu niliona aibu, kwa kuwa ni jambo ninalowafundisha watu kila juma hapa hapa mezani. Kijana akitaka kufunga ndoa, tunamwambia alete cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kwa kawaida kisizidi miezi sita. Wazazi hulalamika: "Karani, mtoto ana cheti chake tangu alipobatizwa, kimo sandukuni, kwa nini alipe nauli kufuata kingine?" Nami huwajibu kwamba cheti cha sandukuni hakisemi uongo. Kinasema yaliyokuwamo kitabuni siku kilipoandikwa. Lakini kitabu kinaendelea kuandikwa. Kipaimara huandikwa pembeni mwa jina lake, na ndoa pia. Kama kijana alikwisha funga ndoa Dar es Salaam, kitabu kinajua, cheti cha sandukuni hakijui.

Apt naye ana cheti chake sandukuni. Anatunza ndani ya kompyuta orodha ya vifurushi vyote vilivyoko ghalani na namba ya toleo la kila kimoja. Ukimwambia "upgrade" hasafiri kwenda ghalani kuuliza habari. Hulinganisha programu ulizonazo na orodha hiyo aliyonayo nyumbani. Orodha yangu ilikuwa ya mwezi wa Aprili. Programu zangu nazo zilikuwa za Aprili. Akalinganisha Aprili na Aprili, akanijibu kwa uaminifu kabisa kwamba tofauti ni sifuri. Amri ya kuleta orodha mpya ni "update", nami sikuitoa hata mara moja.

Mtaniuliza: kwani hasara ni nini? Programu ya Aprili bado inaandika, bado inachapa. Ni kweli. Lakini programu huzeeka kwa namna yake. Watu hugundua tundu ndani yake, pahali ambapo mwizi aweza kupenya. Watengenezaji huliziba, hutoa toleo jipya, na papo hapo ulimwengu mzima hujua tundu lilikuwa wapi. Kuanzia siku hiyo asiyeziba yu hatarini kuliko jana. Mwaka 2017 jambo hili lilionekana wazi. Tarehe 14 Machi kampuni ya Microsoft ilitoa kizibo cha tundu moja katika mfumo wake wa Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kiitwacho WannaCry kikapenya katika tundu lile lile, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fedha. Huko Uingereza hospitali ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Miadi iliyofutwa ilikadiriwa kuwa 19,000. Mashine zilizokuwa zimewekewa kizibo cha Machi hazikupenywa kwa njia hiyo.

Hiyo ilikuwa Windows, lakini Linux nayo ina matundu yake. Na ndani ya kompyuta yetu mna kazi ya jioni nyingi za miaka minne: faharasa ya majina yote ya vitabu vya zamani vya ubatizo, ili mtu akipiga simu kutoka mbali jina lake lipatikane kwa dakika moja badala ya siku nzima ya kufunua kurasa zilizoliwa na mende. Vitabu vingebaki kabatini, lakini majina ya watu, wazazi wao na tarehe zao vingekuwa mikononi mwa mtu asiyejulikana. Hakuna kilichoibwa. Hata hivyo siwezi kusema nilikilinda.

Nilipomsimulia mwalimu mmoja wa sekondari huku bondeni, naye akakiri la kwake. Yeye alikuwa akiandika "sudo apt update" kila Ijumaa bila kukosa, anaona mistari inateremka, anafunga kompyuta akiwa na amani. Hakuandika "upgrade" hata siku moja. Huyo ni kama mtu aliyekwenda soko la Nyandira, akauliza bei ya viazi kwa kila muuzaji, akaandika bei zote, akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Kati yangu na yeye tulikuwa tumeigawana kazi nusu kwa nusu, kila mmoja katika mashine yake!

Kwa hiyo amri ni mbili, na utaratibu wake ni huo. Kwanza "sudo apt update". Kisha, kama wataka kuona kabla ya kutenda, andika "apt list --upgradable", nawe utaoneshwa kila kifurushi, toleo lako na toleo jipya. Hapo hujatumia bando ila kidogo. Ndipo "sudo apt upgrade". Nayo kabla ya kuchukua chochote hukuambia idadi ya vifurushi na uzito wake, kisha hukuuliza kama uendelee. Yangu ilisema MB 611. Nikabonyeza n, yaani hapana, maana bando langu halikufika hapo. Hilo ndilo jema la dirisha la maandishi: bei hutajwa kwanza.

Someni mistari yote, hata ile ya mwisho. Mwezi Mei mwaka 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukalegea Afrika ya Mashariki yote. Siku kama hizo, au mtandao wa mlimani unapokatika katikati, apt huandika kwamba baadhi ya orodha zimeshindikana kuletwa, na kwamba zimeachwa au zimetumiwa zile za zamani. Mtu mwenye haraka haoni mstari huo. Halafu anaandika "upgrade", anapewa sifuri, na ametumbukia katika shimo langu.

Kuna sifuri nyingine tena, nayo ni mbaya zaidi. Orodha yaweza kuwa ya leo na bado isilete kitu, kwa sababu toleo lako la mfumo wenyewe limekwisha achwa. Andika "cat /etc/os-release" utazame namba. Katika Ubuntu namba ni mwaka na mwezi: 24.04 ni Aprili 2024. Matoleo ya Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili hutunzwa bure kwa miaka mitano. Toleo 20.04 lilifikia mwisho wa muda huo mwezi Mei 2025. Mwenye nalo anapiga hodi kwenye duka lisiloletewa tena bidhaa. Wenye Windows 10 wakumbuke pia kwamba utunzaji wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows za sasa nazo zina dirisha la amri, na "winget upgrade" huorodhesha programu zenye toleo jipya.

Mwalimu aliniuliza swali la haki: je, sumu ikiwa imo katika toleo jipya lenyewe? Imewahi kutokea. Mwezi Machi mwaka 2024 Andres Freund, mhandisi, aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake ya mbali kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde! Mimi nisingeiona. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri uliofichwa katika programu iitwayo xz, akautangaza tarehe 29. Sumu ilikuwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, nayo haikuwa imefika katika toleo imara la Debian, kwa kuwa huko vitu vipya husubirishwa kwanza. Tena orodha ya ghala hutiwa saini, na kila kifurushi hulinganishwa na orodha hiyo. Aliyekibadilisha njiani hukamatwa, kama cheti chenye muhuri wa kughushi.

Yangu iliishaje? Niliposhuka Morogoro kwa shughuli za ofisi nilibeba kompyuta, nikapata mtandao wa bei nafuu, nikaandika "sudo apt update", kisha "sudo apt upgrade -d". Herufi hiyo ya mwisho yasema: chukua, lakini usisakinishe. Nikarudi na mzigo wangu. Nyumbani, betri ya sola ikiwa imejaa, nikaandika "sudo apt upgrade" bila mtandao wowote, ikamaliza. Msianze kazi hiyo umeme ukiwa mashakani. Ikikatika katikati, "sudo dpkg --configure -a" huendeleza pale ilipoachia, lakini mimi singependa kuijaribu na faharasa yangu.

Mwalimu hana njia ya kuibeba ya kwake, ni ya mezani. Kwa bahati mfumo wake ni Ubuntu ya namba ile ile, mashine ya aina ile ile, na ghala ni moja. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha vya kwangu nilinakili vifurushi kutoka /var/cache/apt/archives na orodha kutoka /var/lib/apt/lists, nikaviweka kwenye flashi. Nilinakili kwanza kwa sababu apt hufuta vifurushi akisha kuvisakinisha. Yeye ataviweka katika folda zile zile kwake, ataandika "upgrade", na vitakavyopungua ndivyo atakavyovinunulia bando.

Flashi iko hapa mezani, ndani ya bahasha yenye jina lake. Amesema atapita Jumamosi kabla ya mvua. Na daftari lina safu mbili sasa, moja ya "update" na moja ya "upgrade", na ya tatu nyembamba kwa ajili ya mpwa wangu kutia alama akija Pasaka.