Kibali mkononi, risiti mezani

Kila Mahakama ya Rufani ya Tanzania inapomwachia mtu kwa sababu upekuzi ulikwenda kinyume cha sheria, lawama ni zilezile: majaji wanawafungulia milango wahalifu, kesi imeangushwa na ufundi wa mawakili. Lawama hizo zinapelekwa mlango usio wake.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 haidai makubwa. Askari aje na kibali. Aje mchana, na kama ni usiku awe na ruhusa ya mahakama. Awepo shahidi, mjumbe au jirani. Kilichochukuliwa kiandikiwe risiti, mwenye nyumba atie sahihi. Hayo yanamshinda nani? Askari aliyepata taarifa jana, akapanga kikosi, akatafuta gari, hawezi leo kumwambia hakimu kwamba ilikuwa dharura na karatasi ilimkosa.

Kesi ya Paulo Maduka na wenzake, iliyoamuliwa mwaka 2009, iliongeza jambo la pili: kielelezo kikishakamatwa kifuatiliwe kwa maandishi, nani alikipokea, nani alikitunza, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wanaoona huo ni urasimu wamuulize mtu aliyewahi kubambikiwa kete za bangi. Shahidi na risiti ndiyo silaha pekee aliyonayo raia mbele ya askari anayesema, "Tumezikuta chini ya godoro lako."

Afrika Mashariki tuliwahi kuishi bila kinga hiyo. Wakati wa hali ya hatari ya kikoloni Kenya, mtu aliyeitwa Kuruma wa Kaniu alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akapekuliwa na askari wa cheo cha chini kuliko kile kilichotajwa na sheria. Wakadai wamemkuta na risasi mbili, na adhabu ilikuwa kifo. Kisu kidogo kilichosemekana kupatikana pamoja nazo hakikuletwa kamwe mahakamani. Mwaka 1954 majaji wa rufani mjini London walisema ushahidi ukiwa unahusu shauri unapokelewa, hata kama umepatikana kwa njia haramu. Kanuni hiyo ya kikoloni ilitawala mahakama zetu kwa miaka mingi. Katiba ya Kenya ya 2010 sasa inaamuru ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utupwe, iwapo kuupokea kutaharibu usawa wa shauri au kuidhalilisha haki. Kwetu Tanzania hakimu anapima uzito wa kosa na wa ukiukwaji, na anayetaka ushahidi huo upokelewe ndiye anayebeba mzigo wa kueleza kwa nini.

Hatusemi mahakama hazina dosari. Kuhusu risiti zimeyumba: mara kukosekana kwake kunaua kesi, mara hati ya kukamatia mali yenye sahihi inatosha. Askari wa kituo cha kijijini anastahili kujua msimamo ni upi.

Lakini pengo kubwa limo kwenye sheria yenyewe, na wa kuliziba ni Bunge. Kibali cha upekuzi Tanzania kinaweza kuandikwa na mkuu wa kituo, kwa askari wake mwenyewe, katika kesi anayoipeleleza yeye. Kenya kibali hutolewa na hakimu. Pale ambapo hakuna dharura, nasi tudai sahihi ya hakimu. Mahakama za mwanzo zipo karibu kila tarafa, na mahakimu wake wana kalamu.