Chungu Kimoja kwa Mgonjwa na Mzima



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (s.w.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii safu yetu yajibu swali la dada mmoja anayemtunza mama mkwe wake, ambaye ni mgonjwa wa kisukari. Tangu daktari awausie kuhusu chakula, dada yetu humpikia mama sufuria yake mbali: maharagwe ya kuchemsha yasiyoungwa na kipande cha ugali, ilhali watu wengine wa nyumbani wala wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki. Mama alinyamaza siku nyingi. Kisha usiku mmoja akasema, "Mmeshanitoa siniani ningali hai." Na kila kukicha, mahamri mawili matatu hayaonekani kikapuni. Dada atuuliza: afanyeje mama asile kwa siri?

Jawabu letu ni hili: mrudisheni mama siniani, na kibadilike chakula cha sinia zima.

Chakula kimfaacho mwenye kisukari si chakula cha adhabu. Aghalabu ni chakula kilekile cha wazee wetu, kabla ya viwanda kukiondolea ganda. Mwili hugeuza wanga wa nafaka kuwa sukari. Tofauti kubwa ni kasi. Punje nzima ya mtama au ya wimbi, kunde, mbaazi na pojo, vyote vina nyuzinyuzi zake. Tumbo huchukua muda kuvisaga, na sukari huingia katika damu kidogo kidogo. Unga mweupe umekwisha kuvuliwa ganda, kwa hivyo sukari yake hupanda upesi, na mwili wa mgonjwa hauwezi kuipokea.

Isitoshe, kisukari cha ukubwani hufuata damu. Watoto na wajukuu wa mama huyu wamo katika hatari kubwa kuliko wengine. Chungu kinachomfaa bibi leo ndicho kitakachowakinga wao kesho. Kuwapikia wanga mweupe kila siku, kisha kumlaumu bibi kwa kuutamani, si insafu.

Katika Sahihi Bukhari imepokewa kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.), tangu kupewa utume hadi kufariki kwake, hakuuona unga mweupe uliochekechwa. Shayiri ilisagwa ikapulizwa, makapi ya kupeperuka yakapeperuka, na yaliyosalia yakakandwa yakaliwa. Hatudai kuwa hadithi hii imekuja kufundisha utabibu. Twaitaja ili asiwepo wa kudhani kuwa unga usiochekechwa ni chakula cha unyonge.

Sasa tuingie jikoni. Asubuhi, mbaazi za nazi zibakie, tena ziongezwe. Ila zitiwe tui la pili, lile jepesi, na mahali pa mahamri pawe na chapati ndogo moja ya unga wa ata, au mkate wa mofa wa mtama kwa wanaoupata. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki hadi iishe. Iliki na mdalasini zitafidia ladha.

Mchana, twapendekeza mseto wa pojo. Wengi wetu huupika mchele ukiwa mwingi na pojo chache. Geuzeni kipimo: pojo vikombe 2 na maganda yake, mchele kikombe 1, na ukiwa ni mchele usiokobolewa ni bora zaidi.

Loweka pojo kwa saa chache; mchele usiokobolewa uloweshwe pamoja nazo. Chemsha pojo kwa maji vikombe 6 hadi zianze kupasuka. Tia mchele, kitunguu kilichokatwa, thomu iliyopondwa, manjano na chumvi kidogo. Ongeza maji ya moto yakihitajika. Maji yakikaribia kukauka, tia kikombe kimoja cha tui la pili, punguza moto, funika, kisha usonge kwa mwiko hadi ulainike. Pakueni kwa samaki wa kuoka au wa mchuzi mwepesi, mchicha au majani ya kunde, na kachumbari ya ndimu.

Kipimo ni muhimu, kwa kuwa hata mtama ukizidi ni sukari. Upande wa mama siniani, nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo samaki, na robo mseto. Muhogo na viazi vitamu ni vyakula vya asili, lakini vina wanga mwingi. Vihesabiwe mahali pa mseto, visiongezwe juu yake. Asali na tende zina baraka zake, na zina sukari vilevile. Tunda na liliwe zima: glasi ya maji ya machungwa huchukua machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi huachwa katika makapi.

Tahadhari ya mwisho ndiyo kubwa. Mwenye kutumia insulini au vidonge asipunguze wanga kwa ghafla bila ya kumjulisha daktari wake, wala asiache dawa kwa kutegemea mtama. Akitokwa na jasho, akitetemeka au akipotewa na fahamu za maneno yake, huenda sukari imeshuka. Maadamu aweza kumeza, apewe mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji. Akizimia asitiliwe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitali. Na mwenye maradhi ya figo aulize kwanza kuhusu pojo na maharagwe.

Dada yetu, anza na siku mbili kwa wiki. Watoto watanung'unika, mama hatanung'unika, kwani mkono wake utakuwa umerudi ulipokuwa. Na kikapu cha mahamri kisiwepo cha kufichwa wala cha kuibiwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, na awalipe kheri wanaowauguza. Amin.