Nafuu ya sola isiishie kwa wenye mishahara minono

Kila bajeti ikikaribia, hoja hii huibuka mitandaoni: serikali iwapunguzie kodi wenye nyumba wanaofunga sola, kama Marekani. Hoja ni nzuri na tunaiunga mkono. Lakini makamanda, tusiibebe kichwakichwa. Ikipelekwa bungeni jinsi ilivyo, itawanufaisha zaidi watu ambao tayari wana jenereta uani.

Tuanze na hiyo Marekani. Sheria ya mwaka 2022 ilipandisha punguzo hadi asilimia 30 ya gharama ya kufunga sola, na lilipangwa liendelee hadi miaka ya 2030. Julai 4, 2025 Trump akasaini sheria nyingine, na punguzo la wenye nyumba likafa Desemba 31 mwaka huohuo. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalisemi: lilikuwa linakata kodi ya mapato unayodaiwa, siyo hela ya kupewa mkononi. Kama kodi yako ni ndogo, hulipati lote kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana fedha nyingi ziliishia kwa kaya zenye vipato vikubwa.

Sasa hamishia hapa kwetu. Mwalimu ambaye mshahara wake unaokatwa kodi ni 600,000 kwa mwezi, PAYE yake ni 36,000. Kwa mwaka ni 432,000. Tuseme amefunga mtambo wa milioni 2. Asilimia 30 ni 600,000. Kodi yake ya mwaka mzima haifiki hapo! Bosi anayelipwa milioni 5 kwa mwezi punguzo lake linaisha ndani ya mwezi mmoja. Na huyo mwalimu afadhali, ana mshahara. Mama ntilie, bodaboda na mkulima wa mahindi hawako kwenye PAYE kabisa. Wao wapunguziwe nini?

Mtasema basi tukate kwenye kodi ya jengo. Kodi hiyo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ni buku jero kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ukimsamehe mtu hiyo yote kwa miaka kumi, umempa 180,000. Haifiki hata moja ya kumi ya mtambo wetu wa mfano. Tena tukumbuke nani anayeilipa: mara nyingi ni mpangaji, kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Aliambiwa atamalizana na mwenye nyumba. Wangapi wamemalizana?

Ila LUKU hiyohiyo inatuonyesha njia. Serikali ilipotaka kukusanya kodi ya jengo haikumtuma ofisa mlango kwa mlango wala haikumwambia mtu ajaze fomu. Iliingia kwenye mita. Sasa kama mita inaweza kukata, inaweza pia kurudisha. Mwenye sola akiuza ziada yake kwenye gridi, arudishiwe uniti palepale kwenye mita yake. Kanuni za EWURA za kubadilishana umeme namna hii zipo tangu 2018. Ulizeni mtaani kwenu ni nyumba ngapi zimeunganishwa hivyo. Sisi tumeuliza kwetu, na watu wengi hata habari hawana.

Nafuu ya pili iwe dukani, siku ya kununua. Paneli zenyewe zimo kwenye orodha ya msamaha wa VAT, sawa. Lakini nyumba haiwaki kwa paneli peke yake. Kuna nyaya, swichi, vyuma vya kufungia juu ya paa na kazi ya fundi. Na msamaha siyo sawa na VAT ya asilimia sifuri. Kwenye msamaha, muuzaji harudishiwi VAT aliyolipa kwenye usafirishaji na pango la duka lake, kwa hiyo anaiingiza kwenye bei na unailipa wewe bila kuiona kwenye risiti. Tunachodai ni mtambo wote wa nyumbani uwekwe kwenye asilimia sifuri, kwa sharti kwamba vifaa vimepita TBS. Bila sharti hilo tutakuwa tunafadhili betri feki zinazokufa kabla ya msimu wa mvua.

Serikali ya CCM itajibu kwamba Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115, sola ya nini? Bwawa ni mali yetu sote na hatulibezi. Lakini mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, na usiku wa kuamkia Aprili 1 mwaka huohuo gridi ya taifa ikapata hitilafu, nchi ikawa giza. Umeme kuwepo Rufiji ni jambo moja, kufika chumbani kwako ni jingine. Zahanati yenye chanjo kwenye jokofu inalijua hilo, na kinyozi aliyeachwa na mteja mwenye nusu kichwa analijua zaidi.

Watasema pia hazina itapoteza mapato. Kweli, kiasi fulani kitapungua. Lakini kila nyumba inayofunga sola inahitaji fundi, na vijana waliotoka VETA wakiwa na vyeti vya umeme wamejaa vijiweni. Tungependa kuiona hesabu ya wizara ikiweka pande zote mbili, siyo upande wa hasara tu.

Muswada wa Fedha ukifika bungeni, Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Matawi yaandike barua mapema, zenye madai mawili tu: VAT ya asilimia sifuri kwa mtambo mzima, na uniti za ziada zirudi kwenye LUKU. Na siku hotuba ikisomwa, msihangaike na makofi. Fungueni sehemu ya VAT kwenye muswada, mtafute neno "sola", muone limeandikwa nini pembeni yake.