Bunduki ya babu iwekwe, masasi yake yasiguswe

Jina la Kamanyola lilisafiri kuliko sisi wenyewe. Lilipewa divisheni ya jeshi la Mobutu, likapewa mashua yake kubwa ya mtoni, likapewa na uwanja mkubwa wa mpira kule Kinshasa, ule uliofunguliwa 1994 na kugeuzwa jina kuwa Stade des Martyrs mwaka 1997. Yote hayo juu ya vita ya Juni 1964, wakati Uvira ilikuwa imekwisha kuanguka mikononi mwa waasi, na jeshi la ANC, Mobutu mwenyewe akiwa ndani, lilipigana hapa kwetu kwenye daraja. Lakini mtoto wa Kamanyola akituuliza leo bunduki za vita ile zilikuwa za namna gani, hatuna mahali pa kumpeleka.

Si kwamba bunduki za zamani hazikupita hapa. Mwaka 1916 askari wa Force publique, brigedi ya Olsen, walivuka Ruzizi, wakaingia Usumbura mwezi wa sita, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakashika Tabora. Askari wengi weusi walibeba Albini, bunduki ya Ubelgiji ya kalibri ya milimita 11. Inaingia sasi moja tu, unapiga, unafungua, unaweka ingine. Baruti yake ni nyeusi, na kila mara askari alipopiga, wingu la moshi lilimwonyesha adui pale alipojificha. Nyuma zikaja Mauser, kiisha FAL za Herstal ambazo ANC ilirithi. Babu zetu njo walizibeba. Lakini leo ni rahisi kuona Albini nyumbani kwa mkusanyaji wa Liège kuliko Kamanyola.

Hao wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, wengine hawatundiki tu bunduki ukutani. Wanazipiga. Na kwa kuwa viwanda vingi viliacha kutengeneza masasi yake, wanayajaza kwa mkono: wanachukua ganda tupu, wanabadilisha fataki, wanapima baruti kwa mizani ndogo, wanafunga na kichwa cha risasi. Wanafanya hivyo kwa ruhusa, kwa kitabu cha vipimo, kwenye uwanja wa kupigia. Na hata wao wanaogopa kosa moja kuliko yote: kutia baruti ya leo, isiyo na moshi mwingi, ndani ya bunduki iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi. Nguvu inapanda haraka, chuma cha zamani hakivumilii, bunduki inapasuka mbele ya uso wa mwenyewe.

Kwetu hapa mizani iko wapi? Kitabu kiko wapi? Mtu anaokota sasi, analifungua kwa koleo, anamimina baruti katika bunduki ya kienyeji yenye mtutu wa bomba la maji. Hajui ni baruti gani, hajui ni kiasi gani. Akibaki na vidole vyote, anafikiri ni ufundi wake.

Sisi wa sendika tunasema hivi juu ya jambo hili linatugusa kwenye mashimo. Kuna ndugu wanaofikiri baruti ya masasi inaweza kuwapasulia jiwe gumu. Wandugu, baruti ile ilitengenezwa kwa kusukuma kichwa kidogo cha sasi. Ikibanwa ndani ya tundu la mwamba, hakuna anayejua itafanya nini. Na moshi wake unajaza galeri na hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu: mtu anasikia kichwa kizito, anakaa chini apumzike, haamki tena. Sheria za madini zinamkataza mchimbaji wa mkono kutumia vilipuzi. Kwa jambo hili sheria iko upande wetu.

Halafu kuna biashara ya mitraille. Maganda ni shaba ya njano, yana bei, na watoto wanayaokota kwa kilo. Katikati ya matupu mia moja, moja zima linatosha. Sasi halifi kwa kuzeeka. Lililolala udongoni miaka mingi linaweza kulipuka kwenye nyundo ao kwenye moto wa mfua chuma.

Tunajua jibu la watu: nani atatoa bunduki wakati usalama hauko, na anayeitoa anafungwa? Ni swali la haki. Ordonnance-loi 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka kila silaha iwe na ruhusa. Basi mama mjane mwenye Mauser ya bwana yake juu ya dari anaogopa gereza sawasawa na jambazi. Anafanya nini? Ananyamaza, ao anaitupa Ruzizi usiku, ao anamuuzia yule asiyeuliza maswali. Lakini Katanga, PAREC ya mchungaji Ngoy Mulunda ilibadilishana bunduki na baiskeli, na watu walileta. Mtu akionyeshwa mlango usio wa gereza, anapita.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, tume ya taifa ya silaha ndogo, CNC-ALPC, ipange siku ya kupokea bunduki hapa Kamanyola, mbele ya chef de groupement, makanisa na société civile, na itangazwe wazi kwamba anayeleta hakamatwi. Zile zinazoweza kurudi vitani ziharibiwe. Zile za historia kweli zitolewe pini ya kupigia, mtutu uzibwe na kuchomelewa, kisha ziwekwe pamoja na jina la familia iliyozitoa, kama familia inataka. Chumba kimoja chenye mlango wa chuma kinatosha. Tukingoja kukipata, Musée du Kivu ya Bukavu iulizwe kama inaweza kuzipokea.

Pili, masasi yasihifadhiwe na mtu yeyote, hata kwa kumbukumbu. Wanunuzi wa mitraille wakatae kupima maganda yanayoletwa na mtoto, na wakiona zima wasiliguse, waite wenye kazi hiyo.

Tatu, na hili halingoji Kinshasa: kila kamati ya carrière iandike katika kanuni zake kwamba anayeingiza baruti shimoni anatoka shimoni. Sisi tutaanza na wanachama wetu, na tutawasikiliza kwanza wale wanaosema jiwe limewashinda, juu wanahitaji patasi, nyundo nzuri na kompresa, si hotuba.

Na wewe uliye na bunduki ya babu nyumbani: usiitupe majini, usiiuze, usijaribu kuipiga uone kama bado nzima. Iache pale ilipo, mbali na watoto, na tusukume pamoja ile siku ipangwe.