Barua ya wazi kwa Kadhi Mkuu wa Kenya: Leteni sheria darsani

Mheshimiwa Kadhi Mkuu,



Sheikh wetu, mimi ni mmoja wa kina mama wanaosoma darsa Likoni, ng'ambo ya feri. Nina ombi, na nitalitaja mapema: tunaomba makadhi waje katika darsa zetu watufundishe sheria ya ndoa, talaka na mirathi kama inavyotumika mahakamani. Tunaomba hivyo tukiwa hatuna kesi yoyote, kwa sababu mwenye kesi mkononi huwa amechelewa kujifunza.

Huenda darsa za kina mama zikaonekana kuwa jambo dogo la mtaani. Nakusihi uziangalie upya. Alasiri ikishaswaliwa, watoto wakishatoka chuo cha Qurani, mikeka hutandikwa na kina mama huingia mmoja mmoja: muuza mahamri aliyeamka kabla ya alfajiri, mjane aliyetoka eda juzi, bi arusi wa mwaka huu, nyanya aliyekuja na mjukuu mgongoni. Tunasoma kitabu cha fiqhi cha Safina, tajwidi na sira. Tunajifunza twahara, na namna ya kumuosha na kumkafini maiti wa kike. Anayejua humfundisha asiyejua. Mmoja wetu akiugua, tunakwenda kumtazama, akifiwa, tunachanga. Hakuna ofisi ya serikali inayoingia majumbani mwetu kama darsa inavyoingia, na wahudumu wa afya wa mtaani wanalijua hilo, ndiyo maana wakiwa na neno la chanjo au la uzazi huja kulisema kwetu.

Wako kati yetu wazee wa kike ambao wakijaza fomu huandikwa kuwa hawajui kusoma. Wanasoma Msahafu tangu Alhamdu hadi mwisho, na baadhi yao huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila ya kusita. Fomu ya mahakama kwa herufi za Kizungu ndiyo inayowashinda, sembuse ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza. Watu hawa wana uwezo mkubwa wa kuhifadhi na wanajua kukaa mbele ya mwalimu. Wanachokosa ni mwalimu wa somo hili la sheria.

Maana tukifika kwenye mirathi, tunasoma mafungu. Mke ana thumuni mumewe akiacha watoto, na robo asipoacha. Binti anapata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Haya yamo katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, na mwanadarsa wa mwaka wa pili atakutajia bila ya kubabaika. Lakini hatufundishwi mwanamke afanye nini wakati fungu lake analijua na hapewi.

Hutokea hivi, na kila mtu wa Pwani amewahi kuona mfano wake. Baba anafariki, anaacha nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Mama anakaa eda miezi minne na siku kumi, na hakuna anayetaja kugawanya, kwa sababu kutaja mali mbele ya msiba ni aibu. Eda inakwisha, aibu inabaki. Kijana mkubwa anaanza kupokea kodi ya wapangaji. Dada zake wakiuliza, wanaambiwa wasivunje udugu kwa ajili ya vyumba. Miaka inapita, kaka mmoja anafariki, watoto wake nao wanakuwa warithi, karatasi za nyumba hazijulikani ziliko, na majirani waliokuwa mashahidi wamekwisha kufa. Hapo ndipo dada anapoamua kwenda kwa kadhi. Laiti angalijua mwaka ule wa kwanza kwamba kufungua faili la mirathi si kuwashitaki ndugu, na ni karatasi gani azishike tangu siku ya mazishi, kadhi angalipata kazi nyepesi na udugu usingalivunjika.

Kuna kifungu kimoja ambacho naamini kikisomwa darsani kitabadilisha mengi. Sheria ya Mahakama za Kadhi, kifungu cha 6, inaagiza kila shahidi asikilizwe bila ya kubaguliwa kwa dini, jinsia au sababu nyingine. Inaendelea kusema kwamba jambo litaamuliwa kwa kupima ukweli wa ushahidi wote ulioletwa, na sio kwa kuhesabu mashahidi. Sheikh wetu, kina mama wengi huacha kwenda mahakamani kwa kuamini kwamba bila ya shahidi mwanamume maneno yao hayatapokewa. Mke aliyepigwa ndani ya chumba, na aliyeshuhudia ni binti yake peke yake, anajiambia hana kesi. Anarudi kuvumilia. Jibu lake limo katika sheria mnayoitumia kila siku, ila halijawahi kumfikia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 24(4), imekubali kwamba masharti yake ya usawa yapunguzwe, kwa kiasi kilicho cha lazima tu, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Sisi Waislamu tulilitaka hilo, na mwaka ule wa kura ya maoni kina mama wa Pwani walisimama kuzitetea mahakama hizi kama walivyosimama wanaume. Sina majuto nalo. Ila tuseme ukweli wa matokeo yake: mwanamke wa Kiislamu akiingia katika mahakama hiyo, kinga yake kubwa ni kuijua sharia yenyewe, mahari yake, nafaka yake (matunzo), haki ya kujikhului (kujitoa katika ndoa kwa fidia), cha kumliwaza akiachwa. Asipoijua, amebaki mikono mitupu mahali ambapo Katiba imemwachia sharia imlinde. Kifungu cha 170 nacho kinasema wahusika wote wawe Waislamu na wawe wameikubali mamlaka ya mahakama hiyo. Atakubali vipi kwa hiari ya kweli kitu ambacho hakuelezwa?

Tena mahakama zenu hutumiwa sana na wanawake. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch, aliyefanya utafiti katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi miaka ya 1980, alieleza katika kitabu alichochapisha 1998 kwamba wengi wa wanaofungua kesi ni wanawake, na kwamba mara nyingi hushinda. Habari hiyo ya kushinda imewafikia wasomaji wa vyuo vikuu vya nje kabla ya kumfikia muuza mahamri wa Likoni.

Ninachoomba si kigeni kwa cheo chako. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kabla ya kuwa Kadhi Mkuu, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, hapa hapa Mombasa, akaandika kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida aelewe dini yake, na akawalaumu wazi wazi waliowanyima watoto wa kike elimu. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye Kadhi Mkuu, aliandika vitabu vya dini kwa Kiswahili. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekishika cheo hicho baada yake, ndiye aliyetupa Qurani Takatifu ya mwaka 1969, tafsiri ambayo bado iko kwenye rafu za nyumba zetu. Watu watatu wa ofisi moja, na wote waliona kwamba kazi ya kadhi haimaliziki kwenye hukumu.

Na upande wetu pia kuna walimu wa zamani. Kina mama wa Mombasa waliokuwa wakicheza ngoma ya lelemama walijua kuitana, kuchanga na kuongoza umati. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa mji huu waliunda vyama vyao vya Kiislamu, wakahimiza elimu ya wasichana na ya watu wazima. Darsa za leo ni wajukuu wa juhudi zile.

Basi tunaomba kadhi mmoja atengewe siku, hata kama ni mara moja kila miezi mitatu, apite katika darsa za eneo lake akiwa na fomu halisi mkononi. Atuoneshe faili la mirathi linavyofunguliwa, na aseme asiye na ada afanyeje. Fomu hizo ziwe kwa Kiswahili chepesi kinachoweza kusomwa kwa sauti, na sauti yenyewe irekodiwe ili tupelekeane kwa WhatsApp, maana hivyo ndivyo nyanya zetu wanavyosoma sasa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria wa jamii waliopata mafunzo. Walimu wetu wa darsa wafunzwe waingie humo. Na Kamati za Watumiaji wa Mahakama, zinapokutana kujadili mahakama za kadhi, ziwe na mwanadarsa mwenye kauli, asiyeitwa kwa ajili ya kupigwa picha.

Kwa mashehe na maimamu wanaofungisha ndoa tuna neno moja tu, na tunaomba ulifikishe wewe kwa kuwa watakusikia: ndoa iandikishwe kama Sheria ya Ndoa ya 2014 inavyotaka, na bi arusi apewe cheti mkononi mwake. Cheti kinachofungiwa kwenye kabati la mume hakimsaidii mke siku ya haja.

Najua wako watakaouliza kama barua hii inataka kadhi mwanamke. Mjadala huo una wenyewe na una mahali pake. Mimi naulizia mwanamke ambaye leo hajui aanzie mlango gani.

Hatukuombi fedha wala jengo. Mikeka tunayo, wasikilizaji tunao. Darsa yetu husomwa baada ya Alasiri. Tupe tarehe kabla ya Ramadhani, nasi tutawaita wenzetu wa Mtongwe, Timbwani na Shika Adabu waje na maswali yao.

Wabillahi tawfiq,

Mwanafunzi wa darsa, Likoni, Mombasa