VPN ya Bure Inalipiwa na Nani?

Wiki iliyopita kampuni fulani ya VPN iliingia kwa DM yangu. Wanataka kunipa elfu kumi na tano nifanye video ya sekunde sitini: nifungue kompyuta, nibonyeze kitufe, nicheke kidogo, niseme "sasa hakuna mtu anaweza kuniona." Manze, elfu kumi na tano ni kodi ya nyumba. Nikawauliza swali moja tu: kampuni ni ya nani, na iko nchi gani? Wakanitumia bei tena.

Nimekataa. Najua kuna wasee wataikubali hiyo doo, kwa hivyo wacha niseme langu kabla video zao hazijawafikia.

Shida yangu ni hayo maneno "hakuna mtu." VPN haimwondoi anayekuangalia, inambadilisha tu. Bila VPN, kampuni inayokuuzia waifai ya nyumbani inajua tovuti unazotembelea. Unachoandika ndani mara nyingi haikioni, maana tovuti nyingi siku hizi zinafunga mawasiliano, lakini jina la tovuti inaliona. Ukiwasha VPN, kila kitu kinaingia kwa bahasha moja iliyofungwa na kupelekwa kwa seva ya mwenye VPN. Watu wa waifai wanaona bahasha tu. Lakini mwenye VPN ndiye anaifungua na kutuma mbele, kwa hivyo sasa yeye ndiye anaona walichokuwa wakiona wale. Umehama kwa landlodi mmoja ukaingia kwa mwingine, na huyu wa pili hata sura yake hujawahi kuiona.

Mimi hili nilijifunza vibaya. Novemba 2024, Telegram ilipofungwa Kenya wakati wa KCSE, sikuwa na mtihani wowote wa kufanya. Kazi zangu za kuhariri video ndizo zilikuwa huko. Nikakaa kwa kompyuta ya nyumbani, nikatafuta VPN ya bure, nikachukua ya kwanza, ile ndogo ya kuongezea kwa brauza. Ikaniomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yangu kwenye tovuti zote. Nikakubali, vile sisi wote hukubali bila kusoma. Telegram ikafunguka nikajiona fundi.

Hiyo kompyuta ndiyo mamangu anawekea hesabu za chama. Baada ya wiki mbili hivi, wanachama wakaanza kupata barua pepe kutoka kwa akaunti yake, ati mchango wa mwezi utumwe kwa namba mpya. Mama mmoja alituma elfu nne. Siwezi kuthibitisha ni ile VPN. Lakini ndicho kitu kipya pekee kilichokuwa kimewekwa kwa hiyo mashine, na ruhusa niliitoa mimi. Mamangu alirudisha hizo elfu nne kutoka mfukoni mwake. Hadi leo akinipata hapo ananiuliza, "Unaweka nini tena?"

Na hizi si stori za jaba. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Hola, VPN ya bure iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji, ilikuwa inauza intaneti yao: mtu usiyemjua angepitisha mambo yake kwa laini yako, ionekane ni wewe. Facebook nao walinunua Onavo mwaka 2013, wakawapa watu VPN ya "kulinda" simu, kumbe wanaitumia kujua programu za wapinzani zinazopendwa. Ilitoka kwa duka la Apple 2018 baada ya Apple kulalamika. Seva zinakula stima na pesa. Kama si wewe unalipa, uliza ni nani.

Kuna ya bure yenye jibu. Natumia Proton VPN. Kampuni iko Uswisi, msimbo wa programu zake uko wazi, imekaguliwa na watu wa nje, na ya bure inabebwa na wanaonunua ile ya kulipia. Kasoro ni kwamba inakubali kifaa kimoja na nchi inakuchagulia yenyewe. Ukiwa na euro tano kwa mwezi, kuna Mullvad ya Uswidi, ambayo haiulizi hata barua pepe, inakupa namba tu. Hakuna aliyenilipa kusema haya, na hawanijui.

Kuiweka si kazi. Andika anwani ya tovuti yao mwenyewe, usibonyeze tangazo la juu kwa Google, maana matapeli pia hununua matangazo. Chukua programu kamili ya kompyuta, si ya brauza. Ya brauza inafunika brauza peke yake, mengine yote yanapita nje uchi. Kwa mipangilio chagua WireGuard kama ipo, ni nyepesi. Mtu akikuelekeza PPTP, achana naye, hiyo ni ya miaka ya tisini na ilishavunjwa. Washa kill switch, ili VPN ikikatika intaneti nayo ikatike badala ya kuendelea bila kinga. Halafu pima: tafuta "what is my IP" kabla ya kuwasha na baada ya kuwasha. Namba ikibaki ile ile, haifanyi kazi, hata kama ikoni inang'aa kijani.

Lakini ukiingia Google na akaunti yako, Google bado inakujua ni wewe. Na mtandao wenyewe ukizimwa, VPN haina njia. Tanzania walipofungiwa X Mei 2025, VPN ilikuwa na kazi. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa, ikawa pambo. Kwetu VPN si haramu, ila ukivuka Namanga kumbuka mamlaka ya huko ilitaka watumiaji wajiandikishe tangu 2023.

Wale wa DM bado hawajajibu swali langu. Jana usiku wamepandisha hadi elfu ishirini.